Mabano katika Biblia ya Nyanya

"Mwalimu, salamu kutoka Luanda, Vihiga. Nafundisha watoto shule ya Jumapili. Mwezi jana binamu yangu wa boda boda alinitumia video inayosema Biblia ilitungwa na Constantine, mfalme wa Roma, huko Nicaea mwaka 325, maaskofu wakapiga kura, vitabu vingine vikafichwa, halafu wazungu wakaigeuzageuza mpaka ikawa hii tuliyo nayo. Nilicheka nikaifuta. Lakini juzi nikisoma Mathayo 17 kwenye simu, katika ile NIV ya Kiingereza, nilitoka aya ya 20 nikatua ya 22. Ya 21 haipo! Nikaikimbilia Union Version ya Kiswahili aliyoniachia nyanya, humo ipo. Sasa sijui nani alifuta. Mwalimu mwenzangu, Mwislamu wa Mumias, ananitania kwamba Kurani yao haijabadilika hata nukta. Tena kuna mtoto wa miaka tisa aliyeniuliza Musa aliandikaje habari za kifo chake mwenyewe, nami nikamwambia aketi. Je, niendelee kufundisha kitabu nisichojua kilikotoka?"

Binti yangu, itoe tena hiyo Biblia ya nyanya uitazame aya ya 21 polepole. Katika chapa nyingi za Union Version utaona maneno "Lakini namna hii haitoki ila kwa kusali na kufunga" yamefungiwa ndani ya mabano ya mraba. Uliyapita mbio kwa sababu ulikuwa unatafuta aya, na aya uliipata. Sasa nenda 18:11, halafu Matendo 8:37. Mabano tena.

Union Version ilitoka nzima mwaka 1952. Kwa hiyo miaka yote ambayo nyanya yako alikwenda nayo kanisani, alikuwa amebeba kwapani jibu la swali linalokunyima usingizi leo, ila hakupata mtu wa kumwambia mabano yale yana kazi gani. Binamu yako simlaumu. Nawalaumu watu kama mimi, tuliosomea mambo haya vyuoni, tukafaulu mitihani, kisha tukapanda mimbarani tukanyamaza tukiogopa kuwayumbisha waumini. Matokeo yake waumini wanayapata stejini, kwenye simu, yakiwa yamechanganywa na uongo.

Mabano ni watafsiri wanaokuambia hivi: maneno haya yamo katika nakala nyingi za baadaye, lakini hayamo katika nakala za kale tunazoziamini zaidi, tumeyaacha uyaone, ujue. NIV iliamua kuyashusha chini ya ukurasa kwa maandishi madogo, na kwenye simu maandishi hayo hujificha mpaka uguse kialama. Hakuna aliyefuta usiku. Swali lenyewe ni kama kuna mtu aliyeongeza, na tunajuaje.

Nikueleze tulivyojua, kwa njia ya daftari.

Miaka ya sabini kwaya yetu kule Maragoli ilikuwa na kitabu kimoja tu cha nyimbo. Kila mwimbaji aliandika nyimbo kwenye daftari lake, ama kutoka kitabuni, ama kutoka daftari la mwenzake. Mchwa wakakila kitabu. Tulipotaka kuchapisha nyimbo kwa taipureta, tukakusanya madaftari tisa tukaketi nayo mezani, na hapo ndipo mimi nilipojifunza kazi hii kabla sijasikia jina lake. Wimbo mmoja, madaftari manne yalisema "mwamba" na matano yakasema "mwanga". Kijana mmoja akataka tupige kura. Tulipouliza, tukagundua yale manne yote yaliandikwa kutoka daftari la mama mmoja wa sauti ya kwanza ambaye mwandiko wake ulikuwa kama mguu wa kuku. Basi yale manne yakawa shahidi mmoja. Daftari jingine lilikosa mistari miwili, na ukitazama unaona sababu: mstari wa pili na wa nne yote iliishia na neno "Bwana", jicho likaruka. Na daftari la mzee mmoja lilikuwa na ubeti wa tano ambao wengine hawakuwa nao. Ulikuwa ubeti mtamu kuliko yote. Yeye mwenyewe akakiri, akiona haya kidogo, kwamba aliutunga kwa ajili ya maziko ya mama yake, akauandika palepale chini ya wimbo. Mtoto wake aliponakili daftari lile, akadhani ni sehemu ya wimbo.

Hakuna aliyesema uongo katika madaftari yale tisa. Na kitabu kilikuwa kimeliwa na mchwa. Hata hivyo tuliurudisha wimbo, neno kwa neno karibu lote, na pale penye shaka tulijua shaka iko wapi.

Ya Mathayo 17:21 ni hivyohivyo. Nakala mbili kubwa za Kigiriki zilizoandikwa karne ya 4, moja ikiitwa Vaticanus kwa kuwa iko Vatikani, nyingine Sinaiticus kwa kuwa ilitoka monasteri ya Mtakatifu Katerina chini ya mlima Sinai, hazikuwa na aya hiyo zilipoandikwa mwanzo. Maneno yanayofanana nayo yako Marko 9:29, na hata huko, neno "kufunga" halimo katika nakala hizo mbili zilivyoandikwa mwanzo. Wanakili walikuwa watawa na watu wa kanisa, wanaofunga kila juma. Ni ubeti wa tano wa yule mzee. Kufunga kwenyewe hakukuanguka, kwa maana Mathayo 6:16 ipo pale pale bila mabano yoyote. Ila mtu akisimama kwenye kesha akasema pepo wa mtoto wako hatoki kwa kuwa hukufunga siku ishirini na moja, ujue anajenga juu ya ardhi ya jirani.

Sinaiticus unaweza kuitazama kwenye simu yako hiyohiyo, ukurasa kwa ukurasa. Mjerumani Tischendorf aliiona mara ya kwanza 1844, akairudia 1859, ikapelekwa Urusi. Mwaka 1933 serikali ya Kisovieti ikaiuzia Uingereza kwa pauni 100,000. Jinsi ilivyotoka kwa watawa ni kesi yenyewe, na watawa bado wana neno. Lakini ninayoipenda mimi ni Vaticanus, kwa ajili ya ukingo wa ukurasa mmoja. Kwenye Waebrania 1:3 mtu fulani alilibadili neno. Mwingine akaja baadaye, akalirudisha lilivyokuwa, akaandika pembeni kwa hasira: mjinga wee, mtu mbaya, liache la kale, usiligeuze! Ukiyaona maneno hayo hutadhani tena kwamba wanakili walikuwa mashine, wala kwamba walikuwa genge lililopatana.

Nakala za Kigiriki za Agano Jipya zilizoorodheshwa zinakaribia 5,800, vipande na vitabu vizima, nyingi zikiwa za baada ya mwaka 1000. Tofauti baina yake huhesabiwa kwa mamia ya maelfu. Watu wa video hupenda kuitaja hesabu hiyo kisha wananyamaza. Sehemu kubwa mno ni tahajia, kama vile mmoja aandike "Alhamisi" na mwingine "Alhamis", au mpangilio wa maneno usioonekana hata ukitafsiri. Zinazobaki, zenye uzito, zinajulikana kwa majina.

Kubwa kuliko zote ni mwisho wa Marko. Vaticanus na Sinaiticus zinaishia 16:8, wanawake wakikimbia kutoka kaburini wakiogopa. Aya ya 9 mpaka 20 hazimo, na Kigiriki chake hakifanani na cha Marko. Wataalamu wengi, na mimi nikiwamo, tunaona ziliongezwa mapema sana na mtu aliyeona haiwezekani Injili iishe kwa hofu. Hili si jambo la vitabuni tu, binti yangu. Humo ndimo mlimo na habari ya kushika nyoka na kunywa kitu cha kufisha bila kudhurika. Humo ndimo mlimo na ahadi ya kuwawekea wagonjwa mikono wapate afya, aya ambayo nimesikia ikisomwa juu ya mtoto mwenye homa kali, katika nyumba moja huku magharibi, kama sababu ya kutompeleka hospitali. Tulimpeleka. Wazee wa kanisa lile walinuna wiki mbili. Kuombea wagonjwa kupo kwingine, soma Yakobo 5, wala silipingi. Nasema tu kwamba anayetaka kuweka uhai wa mtoto juu ya aya moja, kwanza aangalie aya hiyo imesimama juu ya nini.

Ya pili ni habari ya mwanamke aliyefumaniwa, mwanzo wa Yohana 8. Nakala za kale zaidi za Yohana hazina. Wengi wanaamini ni habari ya kweli ya kale iliyokuwa ikizunguka midomoni ikatafuta pa kukaa. Kuna nakala zimeiweka hata ndani ya Luka. Naifundisha, na kila mara nasema hivyo. Ya tatu ni maneno ya "Baba, na Neno, na Roho Mtakatifu" katika 1 Yohana 5. Mwanazuoni Erasmus alipochapisha Agano Jipya la Kigiriki 1516 hakuyaweka kwa sababu hakuyaona katika Kigiriki. Akapigiwa kelele, akaonyeshwa nakala moja ya Kigiriki iliyokuwa nayo, akayaweka 1522. Mafundisho ya Utatu yalikuwa yameshakaa karne nyingi bila kuegemea maneno hayo.

Agano la Kale nitalipita haraka zaidi, ingawa linastahili barua yake. Mwaka 1947 yalianza kupatikana magombo katika mapango ya Qumran kando ya Bahari ya Chumvi. Gombo kubwa la Isaya, urefu wake zaidi ya mita saba, liliandikwa kabla ya Yesu kuzaliwa, na limeitangulia nakala kamili ya Kiebrania iliyotegemewa, ya mwaka 1008, kwa karibu miaka elfu moja. Vikilinganishwa ni kitabu kilekile, chenye tofauti nyingi ndogo. Wahubiri husimama hapo wakapiga makofi. Lakini katika mapango hayohayo kuna vipande vya Yeremia vinavyofuata umbo fupi la kitabu, lile lililotafsiriwa kwa Kigiriki, ambalo ni fupi kwa takriban sehemu moja ya nane. Yaani palikuwa na Yeremia wawili, mrefu na mfupi, wakisomwa wakati mmoja. Ukishangaa, soma Yeremia 36: mfalme analikata gombo kwa kisu analitia motoni, Baruku, karani wa Yeremia, anaandika jingine, na aya ya mwisho yasema wazi kwamba maneno mengine mengi ya namna hiyo yaliongezwa. Mithali 25:1 nayo inakuambia watu wa Hezekia walinakili. Kitabu hiki hakijaficha jikoni kwake. Sisi ndio tuliokuwa tunasoma mezani tu.

Sasa Nicaea. Constantine kweli aliwaita maaskofu huko mwaka 325. Walizungumza habari za Arius, aliyefundisha kwamba Mwana ameumbwa. Walizungumza tarehe ya Pasaka. Wakatoa kanuni 20, ambazo tunazo mpaka leo, na hakuna hata moja inayohusu orodha ya vitabu vya Biblia. Habari ya vitabu kuwekwa pamoja altareni, vya uongo vikabaki chini, inatoka katika maandishi ya karne ya 9, zaidi ya miaka 500 baadaye, na aliyeifanya maarufu ni Voltaire, Mfaransa aliyependa kuwacheka mapadri. Pengine mbegu ya uvumi ni tukio la kweli: karibu mwaka 331 Constantine alimwandikia Eusebius, askofu wa Kaisaria, amtengenezee nakala 50 za Maandiko kwa ajili ya makanisa ya mji wake mpya. Mfalme aliagiza vitabu, kama mbunge anavyoweza kuagiza Biblia za shule. Ni vitabu gani hasa, barua haisemi.

Orodha ilikua polepole, kwa mabishano, bila kura moja ya mwisho. Karibu mwaka 180 askofu Irenaeus alikuwa tayari anasema Injili ni nne. Barua za Paulo zilishakusanywa. Lakini Eusebius, mtu wa wakati wa Constantine mwenyewe, anaandika bila aibu kwamba Yakobo, Yuda, Petro ya pili, na Yohana ya pili na ya tatu zinabishaniwa, na Ufunuo wengine wanaukubali wengine wanaukataa. Sinaiticus ina Barua ya Barnaba na Mchungaji wa Herma baada ya Ufunuo. Orodha ya kwanza tunayoijua yenye vitabu 27 hasa, hivi tunavyovisoma, imo katika barua ya Pasaka ya Athanasius ya mwaka 367.

Na Athanasius alikuwa askofu wa wapi? Alexandria, Misri. Mikutano iliyokubali orodha hiyo ilifanyika Hippo 393 na Carthage 397, yaani Algeria na Tunisia za leo. Tafsiri ya kwanza kubwa ya Agano la Kale, ile ya Kigiriki, ilianzia Alexandria. Kipande cha kale ambacho wengi hukitaja kuwa cha kwanza cha Agano Jipya, chenye mistari ya Yohana 18, kimetoka katika mchanga wa Misri. Kiko Manchester sasa, na ukubwa wake unakaribia kitambulisho chako. Waambie wanaosema kitabu hiki ni cha mzungu kwamba mzungu alikipitishia Kaimosi mwaka 1902 na Maseno 1906, hilo hatukatai, na alikipitisha pamoja na mambo mengine tuliyolipia bei. Lakini alikipata kwa watu, na wengi wao walikuwa wa bara hili.

Hili la "vitabu vilivyofichwa" ndilo hunichekesha zaidi. Kitabu cha Henoko kinauzwa mitandaoni kana kwamba kimeibwa usiku. Kimekuwa Ethiopia muda wote, kikisomwa kwa Kigeezi ndani ya Biblia ya kanisa la Kiothodoksi, jirani zetu hapo kaskazini. Msafiri Mskoti James Bruce alirudi Ulaya na nakala zake 1773, Ulaya ikashangaa. Waraka wa Yuda aya ya 14 unamnukuu Henoko waziwazi. Wakatoliki wana vitabu 73, ninyi Waprotestanti 66, Waethiopia huhesabu 81. Hapo sitakudanganya: mipaka ya kitabu haikushuka na wingu. Jamii za waumini ziliamua, kila moja kwa kuisoma, kuiimba na kuigombania, na hazikuamua sawasawa.

Binamu yako amechanganya pia kunakili na kutafsiri. Watu hudhani Biblia ilitoka Kiebrania ikaenda Kigiriki, Kilatini, Kiingereza, Kiswahili, halafu Kilogooli, kama maneno yanayonong'onezwa sikioni darasani mpaka mtoto wa mwisho aseme upuuzi. Watafsiri wa siku hizi hurudi kwenye Kiebrania na Kigiriki. Zamani haikuwa hivyo daima. Wamisionari wengine waliegemea Kiingereza chao kuliko walivyokiri. Nimekaa kwenye meza za kukagua tafsiri, na ugomvi mrefu haukuwa wa theolojia. Tuliwahi kubishana asubuhi nzima kama mtini uitwe kwa mti wetu unaofanana nao au libaki neno geni. Hata Kiswahili cha Biblia kina historia: Torati, Zaburi, Injili, nabii, hayo ni maneno yaliyotufikia kwa mdomo wa Waislamu. Mmisionari Krapf alipofika Mombasa 1844, na mmisionari Steere alipofanya kazi yake Unguja, walikuta lugha iliyokwisha kujua kusema habari za Mungu mmoja.

Ndiyo nafika kwa mwenzako wa Mumias, na ninaomba umjibu kwa adabu, kwa maana anacho cha kujivunia. Maneno ya Kurani yamehifadhiwa vifuani na maandishini kwa uangalifu mkubwa, na kuna ngozi zenye sehemu ya Kurani huko Birmingham ambazo vipimo vya kaboni vinaziweka kati ya 568 na 645. Lakini hapo penye "hata nukta" atabasamu kidogo, kwa sababu nukta ndizo hasa zilizokuja kukamilishwa baadaye. Misahafu ya mwanzo ilikuwa na nukta chache sana na haikuwa na irabu. Wanazuoni wa Kiislamu wenyewe wanafundisha habari za Khalifa Uthman, karibu mwaka 650, aliyesambaza msahafu mmoja na kuamuru mingine ichomwe, na wanafundisha visomo mbalimbali vinavyokubalika. Msahafu wake wa Mumias kwa kila dalili ni wa kisomo cha Hafs, uliofuata chapa ya Cairo ya 1924; Morocco wanasoma kwa Warsh. Katika Fatiha yenyewe Hafs anasoma "Maaliki", mwenye kumiliki, na Warsh "Maliki", mfalme. Maalimu aliyesoma vizuri anayajua haya na hayamtishi. Mkiketi ninyi wawili na chai bila kutambiana, mtafundishana zaidi ya video ishirini.

Mpaka hapa nimezungumzia nakala tu: je, tunayosoma ndiyo yaliyoandikwa? Jibu langu ni ndiyo, kwa sehemu iliyo kubwa sana, na penye shaka pamewekwa alama. Lakini wewe uliuliza zaidi. Yaliyoandikwa yalitukia?

Uliza mtu yeyote wa umri wangu hapa Kisumu habari za tarehe 25 Oktoba 1969, siku Rais Jomo Kenyatta alipokuja kufungua hospitali tunayoiita Russia. Mimi sikuwapo, nilikuwa shuleni mbali. Nimesikia habari hiyo labda mara mia. Kila mtu atakuambia Kenyatta na Oginga Odinga, kiongozi wa upinzani, walirushiana maneno hadharani, risasi zikapigwa, watu wakafa. Waliokufa wangapi? Serikali ilitoa idadi yake, mitaani wanataja nyingine, kubwa zaidi. Nani alianza, nani alisema sentensi gani, alisimama wapi, hapo kila nyumba ina yake, na ukisikiliza vizuri unaweza kujua msimulizi anatoka upande gani kabla hajamaliza. Zimepita zaidi ya miaka hamsini. Hakuna mwenye akili anayesema siku hiyo haikuwapo. Na hakuna mwenye akili anayedhani kila neno ninalosimuliwa lilisemwa hivyo.

Injili ziliandikwa, kwa makadirio ya wengi, kati ya miaka 40 na 60 hivi baada ya Yesu, na majina ya Mathayo, Marko, Luka na Yohana yaliwekwa juu yake baadaye. Ndani yake waandishi hawajitaji. Luka anakiri katika aya zake za kwanza kwamba wengi wameandika kabla yake naye amechunguza. Zinasomeka kama Kisumu ninayosimuliwa: kiini kimoja, kando zinazogongana. Yuda anajinyonga katika Mathayo 27, anaanguka na kupasuka katika Matendo 1. Goliathi anauawa na Daudi, halafu 2 Samweli 21:19 inampa Elhanani sifa hiyo, halafu 1 Mambo ya Nyakati 20:5 inasema Elhanani alimwua ndugu yake Goliathi. Nilipokuwa kijana nilitumia jasho jingi kuyapatanisha haya. Siku hizi nayaacha yagongane, kwa sababu mashahidi waliopanga maneno kabla ya kuingia kortini hawagongani, na hakimu huwatilia shaka kwa sababu hiyohiyo. Lakini nisizidishe: kugongana hakuthibitishi ukweli pia. Barua saba za Paulo karibu wataalamu wote wanakubali ni zake, za miaka ya hamsini ya karne ya kwanza; nyingine zenye jina lake wanazibishania, na Petro ya pili wachache sana husema ni ya Petro mwenyewe. Hayo ndiyo mambo yalivyo.

Kama ni neno la Mungu, hilo hakuna ngozi ya Sinai wala kipimo cha kaboni kitakachokuambia. Mimi naamini. Rafiki yangu niliyesoma naye Kigiriki dawati moja aliacha kuamini, na tunasoma nakala zilezile bila kutofautiana juu ya herufi moja. Bado tunakula samaki pamoja pale Dunga.

Uendelee kufundisha? Ndiyo, ila na mabano uyafundishe. Uwaonyeshe watoto wayaone kwa macho yao. Watoto hupenda siri, na hii ni nzuri kwa sababu kila mmoja anaweza kuishika.

Na yule wa miaka tisa. Swali lake lina umri kuliko kanisa lenu. Walimu wa Kiyahudi wameliandika katika Talmudi: Musa aliwezaje kufa, kisha akaandika "Musa akafa"? Mmoja akajibu kwamba aya nane za mwisho za Torati ziliandikwa na Yoshua. Mwingine akakataa, akasema Mungu alitamka na Musa akaandika, ila aya zile nane aliziandika kwa machozi. Wakayaacha majibu yote mawili yakae ukurasa mmoja. Jumapili mwambie asimame tena aulize kwa sauti, wengine wasikie, kisha wape yote mawili uone watachagua lipi.